Nyumba Isiyo na Mtu Mbaya: Hotuba Kuhusu Eugene O'Neill

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi mbele ya wanajukwaa wenzangu, walimu wa fasihi na wageni waalikwa. Waliokosa kufika wameomba wayapate yote, nami nayaweka hapa kama yalivyosemwa.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za asubuhi. Na ninyi vijana mliojazana huko nyuma, sogeeni mbele, viti vipo.

Naomba nianze kwa kuwauliza. Katika maigizo yetu, yale ya runingani na haya tunayoyatunga wenyewe, mtazamaji huchukua muda gani kumjua mtu mbaya? Dakika tano? Mbili? Mama wa kambo anaingia, muziki unabadilika, kope ndefu, sauti ya ukali, na bibi aliyekaa kwenye mkeka anasema, "Huyo ndiye." Na kweli ndiye. Kuanzia hapo kazi yetu sote ni kungoja aumbuke. Akishaumbuka tunapiga makofi, tunakwenda kulala.

Leo nataka kuwazungumzia mtu aliyehangaika na kalamu karibu miaka thelathini mpaka akaweza kuandika tamthilia isiyo na mtu mbaya hata mmoja. Watu wanne, nyumba moja, siku moja. Wote wanapendana, wote wanaangamizana. Nasema, na nitaitetea kauli hii, kwamba Marekani haijawahi kuandika tanzia nzito kuliko hiyo. Mtunzi wake ni Eugene O'Neill.

Wengi hapa mnamjua kwa jina tu, kwa hiyo nipite haraka kwenye wasifu. Alizaliwa tarehe 16 Oktoba 1888 katika chumba cha hoteli, Broadway, New York. Alifariki tarehe 27 Novemba 1953, tena katika chumba cha hoteli, safari hii Boston. Katikati hapo alipata Tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi ya Marekani, mara nne, ya nne akiwa kaburini, na mwaka 1936 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Mpaka leo ndiye mtunzi pekee wa tamthilia kutoka Marekani aliyeipata kwa kazi ya jukwaa. Hakuweza hata kwenda Stockholm kuipokea. Medali ilimkuta amelala hospitali, California.

Hayo yapo vitabuni. Ninayotaka tuyaangalie ni mengine: mtu huyu alijifunzaje kuacha kuhukumu wahusika wake?

Tuanze na baba.

James O'Neill alikuwa mtoto wa wahamiaji maskini kutoka Ireland, na mwenyewe alizaliwa huko huko. Akawa mwigizaji. Na hakuwa mwigizaji wa kubahatisha, ndugu zangu. Mwaka 1874, akiwa kijana, alisimama jukwaa moja na Edwin Booth, aliyehesabiwa kuwa mkubwa kuliko waigizaji wote wa Marekani wakati ule, wakawa wanapokezana katika Othello ya Shakespeare: leo huyu ni Othello na yule ni adui yake Iago, kesho wanabadilishana. Kijana wa kimaskini, bila shule ya maana, amefika hapo! Kila aliyemwona alijua kwamba huyu anakwenda mbali.

Kisha akapata mchezo mmoja, The Count of Monte Cristo. Mnaujua mtindo wake: mtu asiye na hatia anafungwa gerezani, anatoroka ndani ya gunia la maiti linalotupwa baharini, anaibuka kati ya mawimbi ya turubai, anapaza sauti kwamba dunia sasa ni yake. Watazamaji walikuwa wakishangilia mpaka ukumbi unatikisika. James akanunua haki za mchezo ule, na pesa zikaanza kumiminika. Akaucheza. Akaucheza tena. Inakadiriwa aliucheza mara 6,000. Sita elfu! Alipokuja kutaka kucheza kitu kingine, watu walikuwa hawataki kumwona katika kingine, na yeye mwenyewe alikuwa ameshasahau namna.

Eugene alikulia nyuma ya pazia la mchezo huo, treni hadi treni, hoteli hadi hoteli. Mwaka 1912 hata alipewa sehemu ndogo ndani yake, akaichukia. Mnaona wapi chuki yake dhidi ya jukwaa la zamani ilikotoka? Jukwaa lile, lenye mwema mmoja na wabaya wake, lilimlisha na kumvisha. Na lilimla baba yake.

Ingekuwa sisi, tungeandika nini kuhusu baba wa namna hiyo? Mtu aliyeuza kipaji, na zaidi ya hapo bahili, mkono wa birika hasa. Kijana mwenye hasira ana kila sababu ya kumwandika baba huyo kama shetani. O'Neill alingoja. Shikeni hapo, nitarudi.

Sasa bahari.

Mwaka 1910, akiwa na miaka 21, amefukuzwa Chuo cha Princeton, ameoa na kumwacha mke na mtoto mchanga, O'Neill alipanda jahazi la Kinorwe, Charles Racine, kutoka Boston mpaka Buenos Aires. Huko alilala kwenye mabenchi ya bustani. Alirudi New York akapanga chumba juu ya kilabu kimoja cha pombe karibu na bandari, kilichoitwa Jimmy the Priest's, kati ya mabaharia, wachochezi wa moto wa melini na watu waliokwisha kukatiwa tamaa na ndugu zao. Alikunywa kama wao. Mwanzoni mwa 1912 alijaribu kujiua kwa dawa za usingizi, wakamwokoa walevi wenzake. Mwisho wa mwaka huo huo akakutwa na kifua kikuu.

Katika hospitali ya kifua kikuu, Gaylord Farm, Connecticut, alikokaa miezi kama mitano, ndipo alipotulia akasoma. Alimsoma Strindberg, mtunzi wa tamthilia wa Sweden, akasema maisha yake yote kwamba huyo ndiye mwalimu wake. Alipotoka akaanza kuandika. Na aliwaandika nani? Wafalme? Makaunti wanaoibuka baharini? Aliwaandika walevi wenzake.

Majira ya joto ya 1916, mjini Provincetown, Massachusetts, kulikuwa na kikundi cha watu waliopenda maigizo. Nisikilizeni vizuri, vijana, kwa sababu kikundi kile kilikuwa kama hiki chetu. Hawakuwa na ukumbi. Walikuwa na banda la kale la samaki lililojengwa juu ya gati. Hawakuwa na pesa, na walikuwa wakihangaika kutafuta mchezo mpya. Wakasikia kuna kijana mmoja mkimya ana sanduku limejaa tamthilia. Wakamwita. Akaleta Bound East for Cardiff, mchezo wa tendo moja, akaketi chumba cha pili wakati wenzake wakiusoma kwa sauti. Mwandishi Susan Glaspell, aliyekuwepo, aliandika baadaye kwamba baada ya kusikia usomaji ule walijua wamekusanyika kwa ajili gani.

Mchezo wenyewe ni nini? Baharia mmoja, jina lake Yank, ameanguka ndani ya meli na kuumia vibaya. Amelala kwenye kitanda chake chembamba katika chumba cha mabaharia. Nje ni ukungu, honi ya meli inalia kila baada ya muda. Wenzake wanaingia na kutoka, wanapiga soga, wana zamu za kwenda. Rafiki yake Driscoll anakaa naye. Yank anaeleza kwamba siku zote alitamani kuacha bahari, wawili hao wakanunue shamba nchi ya mbali, lakini hakuwahi kumwambia Driscoll kwa kuogopa kuchekwa. Driscoll naye anakiri kwamba alikuwa akifikiri hayo hayo. Miaka yote wamelala chumba kimoja, kila mmoja ameficha ndoto ile ile! Kisha Yank anakufa.

Ni hayo tu. Hakuna aliyemsukuma. Nahodha si katili. Hakuna wa kuumbuliwa.

Glaspell ameeleza usiku wa onyesho la kwanza: ukungu wa kweli ulikuwa umeshuka bandarini, kengele ya ukungu ikilia nje, maji yamejaa chini ya banda, yakirusha matone kupitia nyufa za sakafu. Walikuwa wamekaa juu ya mbao, wanamtazama mtu anakufa baharini, na bahari iko chini ya miguu yao. Niwaulize walimu: hapo kuna taa gani za gharama? Kuna mapambo gani?

Naye Driscoll alikuwepo kweli. O'Neill alimjua kilabuni, mchochezi wa moto wa melini, mtu wa miraba minne, anayejivunia nguvu zake. Siku moja akiwa kazini katikati ya bahari, Driscoll akajirusha majini. Kwa nini? O'Neill hakupata kujua, na swali hilo halikumwachia usingizi. Ndilo lililozaa The Hairy Ape ya 1922, kuhusu mchochezi wa moto anayegundua kwamba dunia haina nafasi yake.

Sasa nifike mahali pagumu, na sitaki kupapita kimyakimya, maana waliokaa hapa ni Waafrika.

Mwaka 1920 O'Neill aliandika The Emperor Jones. Brutus Jones, Mmarekani mweusi, mhudumu wa zamani wa treni, ametoroka jela na kujifanya mfalme katika kisiwa kimoja cha Karibea. Watu wanamwasi, anakimbilia msituni, na ngoma inaanza. Maelekezo ya mtunzi yanasema ngoma ianze kwa mapigo 72 kwa dakika, mapigo ya kawaida ya moyo, kisha iendelee bila kukatika, ikizidi kasi kidogo kidogo mpaka mwisho. Hilo ni jambo la kistadi mno. Hadhira inakaa, na taratibu mioyo yao yenyewe inaanza kukimbia na mkimbizi.

Aliyepewa sehemu ya Jones alikuwa Charles Gilpin, mwigizaji mweusi mwenye uzoefu wa miaka mingi na malipo haba. Ilikuwa jambo kubwa: wakati ule ilikuwa kawaida mzungu kujipaka masizi usoni akaigiza mtu mweusi. Gilpin aliwasha moto New York. Chama cha wapenzi wa jukwaa kilipomchagua kati ya waliofanya makubwa mwaka ule, wapo waliopinga asialikwe kwenye chakula cha jioni kwa sababu ya rangi yake, na O'Neill alikuwa mmoja wa waliosimama kidete mpaka akaalikwa. Nampa heshima yake kwa hilo.

Lakini mchezo wenyewe una jeraha. Msituni, Jones anavyozidi kuogopa, ndivyo anavyovuliwa nguo na akili, mpaka anafikishwa kwa mganga wa Kongo anayecheza ngoma na kutaka kafara. Yaani ukimkwangua mtu mweusi, ndani utakuta hofu na giza. Mtunzi hakuwa na nia ya kutukana, naamini hivyo. Ila alimwandika Jones kutoka nje. Lugha ya mchezo imejaa tusi lile wanalotukanwa watu weusi, na Gilpin, usiku baada ya usiku, akawa analibadilisha kwa maneno mengine. O'Neill akakasirika. Wakakorofishana. Baadaye, mchezo uliporudishwa jukwaani na kupelekwa London, sehemu ile akapewa Paul Robeson, kijana mrefu mwenye sauti ya radi. Robeson akawa maarufu duniani. Gilpin akafa 1930, akiwa amesahaulika.

Nani alikuwa na haki katika ugomvi ule? Kwangu mimi, Gilpin. Mwigizaji aliyelibeba neno lile mdomoni kila usiku alijua uzito wake kuliko aliyeliandika. Na O'Neill, alipokuwa mzee, alisema kwamba katika kazi zake zote, mwigizaji mmoja tu alitimiza kila alichokuwa nacho akilini kuhusu mhusika. Akamtaja Charles Gilpin. Gilpin alikuwa na miaka kumi na sita kaburini.

Ndugu zangu, nimelieleza hili kwa sababu linahusu hoja yangu moja kwa moja. Mabaharia O'Neill alikunywa nao, alilala nao, kwa hiyo kila mmoja ana sababu zake. Jones alimtazama kwa mbali. Ili mhusika awe mtu, sharti mwandishi amkaribie mpaka amwelewe, hata kama hampendi. Na kama ni hivyo, kuna watu gani tulio karibu nao kuliko wa nyumbani kwetu? Na kuna watu gani tunaowahukumu haraka kuliko hao?

Hapo ndipo tunarudi kwa baba.

Mwaka 1939, O'Neill ana miaka hamsini. Anaishi milimani Danville, California, na mke wake wa tatu, Carlotta Monterey. Baba alikufa 1920, mama 1922, kaka yake Jamie 1923 kwa ulevi. Katika familia ile amebaki peke yake. Mikono yake inatetemeka. Ugonjwa ule ulianza zamani kidogo kidogo, sasa unamla. Anaandika kwa penseli, herufi ndogo ndogo kiasi kwamba Carlotta anatumia kioo cha kukuzia ili azipige taipu. Na hapo, katika hali hiyo, anaanza tamthilia kuhusu nyumba yao ya New London, Connecticut. Anaiita Long Day's Journey into Night, safari ndefu ya siku moja kuelekea usiku. Carlotta alisimulia kwamba alikuwa akitoka chumbani jioni macho mekundu kwa kulia, amezeeka kuliko alivyoingia asubuhi.

Ni siku moja ya Agosti 1912. Familia ya Tyrone. Baba James, mwigizaji. Mama Mary. Kaka mkubwa Jamie, mlevi. Mdogo Edmund, anayekohoa. Asubuhi wametoka kula, wanataniana, jua linawaka. Kufika saa sita usiku kila kitu kimekwisha. Mama ametoka hospitali miezi michache iliyopita kutibiwa uraibu wa mofini, na siku hiyo, chumba cha juu, ameanza tena.

Hebu tuulize kama mahakama. Nani amemharibu mama huyu?

Alipewa mofini mara ya kwanza na daktari wa hotelini baada ya kumzaa Edmund kwa maumivu makali. Basi kosa la daktari? Daktari alitafutwa na baba, na baba hapendi gharama. Basi kosa la baba? Baba angejua wapi kuhusu mofini? Na Edmund alizaliwa kwa nini? Kuziba pengo la mtoto mchanga aliyekufa kwa surua. Mtoto yule aliambukizwa na nani? Na Jamie, mwenye miaka saba, aliyeonywa asiingie chumbani akaingia. Basi kosa la mtoto wa miaka saba? Mama moyoni anaamini alifanya makusudi. Jamie amekua na macho ya mama yake yakimwambia hivyo. Je, ni ajabu anakunywa? Na mama, kwa nini hakuwepo nyumbani wakati mtoto anaugua? Alikuwa amemfuata mume safarini, kwa sababu mume alimwambia anamkosa. Kosa la mapenzi, basi?

Mnaona? Kila ukishika uzi, unakupeleka kwa mwingine. Ukifika mwisho umerudi ulipoanzia, na mikononi huna mshtakiwa.

Na karibu yote hayo yalitokea kwao. Mama wa O'Neill alipata uraibu baada ya kumzaa yeye. Ndugu yake mchanga alikufa kwa surua mwaka 1885. Jina la mtoto yule lilikuwa Edmund. Sasa sikilizeni alichofanya. Katika tamthilia, kijana aliye hai, yaani yeye mwenyewe, amempa jina Edmund. Na mtoto aliyekufa amempa jina Eugene. Amebadilishana jina na marehemu. Nimelifundisha jambo hili mara nyingi darasani, na bado kila nikilitaja nasita kidogo. Kuna mtu anayeandika hivyo ili alipize kisasi?

Tendo la nne. Usiku wa manane, ukungu nje, honi inalia. Baba ameketi peke yake akicheza karata, taa moja tu imewashwa. Edmund anaingia kutoka kwenye giza la ukumbini, amejigonga, anagomba: kwa nini nyumba haina mwanga? Baba anagoma: hawezi kulitajirisha shirika la umeme. Wanarushiana maneno. Mpaka baba, kwa hasira, anasimama na kuwasha balbu za juu, moja, ya pili, ya tatu, akisema basi waende wote kwenye nyumba ya maskini. Watazamaji wanacheka. O'Neill amewaruhusu wacheke.

Kisha Edmund anamtolea dukuduku: mimi naumwa kifua kikuu na wewe unataka kunipeleka hospitali ya bei rahisi. Na hapo mzee, kwa mara ya kwanza, anasimulia. Alikuwa na miaka kumi alipoacha shule. Alifanya kazi karakana saa kumi na mbili kwa siku, senti hamsini kwa wiki. Mama yake alifukuzwa kwenye nyumba ya kupanga, vitu vimetupwa barabarani. Hapo ndipo alipojifunza thamani ya dola, na akishajifunza hivyo mtu hawezi kusahau. Anaeleza habari ya Booth, sifa alizopewa, na anaeleza mchezo ule ulioleta faida ya dola 35,000 hadi 40,000 kila msimu, akashindwa kuuacha. Anajiuliza ni kitu gani hasa alichotaka kununua hata kikawa na thamani ya yote hayo.

Edmund anamjibu kwa upole kwamba sasa anamfahamu vizuri zaidi. Na baba, amekwisha kusema yote hayo, anainua macho: je, ataudhika akizizima zile balbu? Anasimama, anazizima. Moja, ya pili, ya tatu.

Huyo ndiye yule bahili! Hajabadilika hata kidogo. Bado anabana umeme. Sisi ndio tuliobadilika. Mwanzo wa onyesho tulimcheka, mwisho wake mkono ule ule unaokwenda kwenye balbu unatuuma. Waongozaji mliopo hapa, huo ndio ufundi wenyewe. Hakumsafisha baba. Hakumtolea udhuru. Alimpa dakika zake za kusema, akakaa pembeni akasikiliza.

Na Jamie je? Anaingia amelewa chakari, na katika ulevi ule anamwambia mdogo wake ukweli ambao ndugu huwa hawaambiani: nilikufundisha pombe makusudi, sikutaka ufanikiwe ukanipita, nakupenda kuliko ninavyokuchukia, lakini jihadhari nami. Mwenye kumwonya mwenzake dhidi ya nafsi yake, utamwita mbaya?

O'Neill alimkabidhi Carlotta tamthilia hiyo siku ya kumbukumbu ya ndoa yao, Julai 1941, na akaandika kwamba ameitunga kwa huruma, ufahamu na msamaha kwa wote wanne wa nyumba ya Tyrone. Wote wanne. Na mmoja wa hao wanne alikuwa yeye.

Ningeweza kuishia hapo na tukapiga makofi. Lakini itakuwa nimewadanganya.

Mwaka 1943, O'Neill alikamilisha A Moon for the Misbegotten, tamthilia ya kumsamehe kaka yake Jamie. Ndani yake mwanamke mmoja anamlaza Jamie kifuani usiku kucha ili apate kusamehewa kwa niaba ya mama aliyekufa. Mwaka huo huo, mwezi Juni, binti yake Oona, mwenye miaka 18, aliolewa na Charlie Chaplin, mwenye miaka 54, umri sawa na wa baba yake. O'Neill akamkata. Hakumwona tena. Oona na Chaplin walipata watoto wanane, na O'Neill hakumpakata hata mmoja. Mwanawe mkubwa, Eugene, msomi wa Kigiriki cha kale, alijiua mwaka 1950. Wa pili, Shane, alizama katika heroini, na mlango wa baba ulikuwa umefungwa kwake pia.

Waliokufa aliwasamehe kwa penseli inayotetemeka. Walio hai alishindwa. Wapo wanaosema hilo linabatilisha kazi yake. Mimi sikubaliani nao, ila pia sikubaliani na wanaolificha. Mtu aliyeweza kusikiliza sauti nne ndani ya kichwa chake hakuweza kusikiliza sauti ya binti mmoja kwenye barua. Nadhani angekuwa mhusika, angejielewa.

Baada ya 1943 mikono haikushika tena penseli. Walimshauri aseme, mtu aandike, alijaribu, haikuja. Miaka kumi ya mwisho aliishi akiwa na tamthilia kichwani asizoweza kuzitoa.

Ile ya familia yake aliifunga kwa lakiri mwaka 1945 na kuikabidhi kwa wachapishaji wake, Random House, isifunguliwe mpaka miaka 25 baada ya kifo chake. Ingefunguliwa 1978. Carlotta hakungoja. Random House walikataa kuvunja agizo la marehemu, akaichukua akawapa Chuo Kikuu cha Yale. Februari 1956 ikaonyeshwa Stockholm, katika ukumbi wa kifalme wa maigizo, nyumbani kwa yule Strindberg, na Novemba ikafika kwenye kumbi za maigizo za Broadway, New York. Mwaka uliofuata ikampa Pulitzer ya nne.

Je, Carlotta alifanya haki? Wazee wetu watasema wasia ni wasia, na nawaelewa. Mimi nimeusoma ule mchezo miaka mingi, nimeufundisha, na siwezi kumlaumu mama huyo. Tutalijadili hilo mchana. Najua mzee mmoja hapa mbele ameshanikunjia uso.

Sasa ya leo. Baada ya chai tutasoma kurasa nilizozitafsiri kutoka tendo la nne, kuanzia Edmund anapoingia mpaka Jamie anaposinzia. Msomaji wa baba, usimwanze kwa ukali. Maneno yamebeba ukali wa kutosha, wewe beba uchovu. Msomaji wa Jamie, nakuomba sana, usimfanye mlevi wa kuchekesha. Walimu watakaosoma maelekezo wasome taratibu, na mama aliyekubali kusoma sehemu ya Mary atakaa upande ule wa ngazi, asionekane mpaka zamu yake ifike. Tukimaliza tutabadilishana: aliyesoma baba atasoma mwana, na aliyesoma mwana atasoma baba, kisha tusikilize kila mmoja ameona nini. Nakala ziko mezani karibu na mlango, chukueni moja kwa watu wawili. Chai iko tayari. Tukutane hapa saa tano kamili.